Uzito Uleule

Shangazi Yapkwobei huandika kila kitu juu ya kitu.
Kwenye mfuko wa kaki ulioleta sweta kutoka Bukwo
aliandika kwa bolpeni: Sufu ya kondoo wangu watatu.
Gramu mia sita na arobaini. Kitiyo avae.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mdaiwa:
maji yasiwe moto.

Mimi mfuko niliwashia jiko.

Ilikuwa Juni, Kapchorwa, ukungu umelala barabarani
hadi saa nne, kama ng'ombe asiyejali kiboko.
Jumamosi kulikuwa na arusi kule Sipi, na sweta
ilinuka moshi, maziwa, na kwapa la mtu
anayepalilia kahawa bila kupumzika.
Nikachemsha maji mpaka kifuniko kikacheza.
Nikamwaga sabuni ya unga, ile kali, inayochubua vidole,
nikafikicha kama ninafikicha ovaroli ya fundi gereji,
kwaru, kwaru, kwaru,
kisha kwa haraka zangu nikaitosa
kwenye maji ya bomba, baridi ya kung'oa jino.

Sikuliona kosa likitendeka. Hilo ndilo linaloniudhi.
Pamba ikiungua, hunuka. Nailoni hujikunyata mbele ya macho yako.
Sufu hunyamaza.
Hukata shauri lake humo humo ndani ya povu.

Nilipoikamua nilishika kitu kifupi, kinene,
kigumu kama kwato, mikono imenyanyuka
mithili ya mtoto anayetaka kubebwa.

Kitiyo aliivaa. Naapa aliivaa.
Ikakomea juu ya kitovu. Akasimama mlangoni,
amebanwa, anapumua kwa mafungu,
akasema, "Labda mimi ndiye niliyenenepa."
Mwongo yule. Mwembamba kama fito.

Twala, anayepima kahawa pale chamani,
aliitupa kwenye mizani yake ndogo ya sampuli, mzaha tu.
Sindano ikatetemeka, ikatulia:
mia sita na arobaini.
Nikamwambia apime tena.
Akapima tena.

Basi hakuna kilichopotea.
Hakuna unywele uliokwenda na maji machafu mtaroni.

Shangazi alinieleza kwenye simu, bila kunikemea
(afadhali angenikemea):
"Unywele wa kondoo una magamba, kama samaki,
yote yameelekea upande mmoja.
Joto na sabuni huyafumbua. Ukifikicha, unywele hutambaa,
na ukishatambaa haujui kurudi kinyumenyume,
gamba limeshadaka gamba.
Sufu yangu unayo yote, mwanangu.
Ulichomwaga ni hewa
niliyoifuma katikati."

Nikauliza kama itarudi.
"Iloweke maji ya vuguvugu, tia siki kidogo, uivute polepole.
Utapata vidole viwili, labda."
Nilivuta hadi jogoo akawika.
Nilipata kimoja.

Wiki mbili ilining'inia kwenye kamba, hata mvua haikuitaka:
matone yaliviringika juu yake kama juu ya jani la yugwa.
Mwishowe nikachukua mkasi, nikafumba macho, nikakata,
nikingoja ifumuke yote, uzi kwa uzi, mpaka mlangoni.
Haikufumuka.
Ukingo ulikaa kimya, umefungamana, kama mkate wa jana.

Nikachora wayo wa Kitiyo kwa mkaa, wa kushoto, wa kulia.
Sasa ziko ndani ya gambuti zake, nyayo mbili za kijivu.
Huteremka nazo shambani kabla ya ukungu kuondoka,
na jioni akivua, miguu yake ina moto wa mikate.
Hasemi neno. Hunikanyagia tu miguu yangu iliyoganda
chini ya blanketi, na kucheka.

Mwezi uliopita umekuja mfuko mwingine kutoka Bukwo.
Gramu mia saba. Maandishi yale ya chini
safari hii ni makubwa kuliko yote.
Nimeubandika ukutani, juu ya beseni.
Jiko siku hizi nawashia mabunzi.